Roboti ianzie kwenye lava, ukuta mtuachie kwanza

Bwana Mhariri,

Makala yenu juu ya nyumba zinazojengwa na roboti, ile iliyosema roboti zitapunguza gharama, imenifikia mara mbili. Mara ya kwanza mwanangu wa tatu alinisomea kwenye simu yake, tumekaa juu ya mawe pale shantiye, tunapojenga nyumba, Lac Vert, saa sita mchana, mikono yangu bado ina simenti. Mara ya pili niliisoma mwenyewe usiku, polepole, mstari kwa mstari. Nimewasikia humo wahandisi, nimewasikia wenye kampuni, nimewasikia wanafunzi wa teknolojia. Fundi hata mmoja sijamsikia. Ndiyo maana naandika, na naomba msiikate sana barua yangu.

Mimi ni fundi wa mawe hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Nimezaliwa 1968, na kazi nimeianza 1985 nyuma ya baba mdogo, sasa ni marehemu, aliyekuwa akijengea wafanyabiashara nyumba na nyua. Miezi sita ya kwanza hakuniruhusu kushika mwiko. Kazi yangu ilikuwa kumletea jiwe alilolionyesha kwa kidole. Nikileta siyo, hakunigombeza. Alikaa kimya akisubiri mpaka nirudi na lile lenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuona.

Jiwe la lava, yaani moto wa volkano uliopoa ukawa mwamba, lina uso, lina tumbo, lina mkia. Uso ndio watu watakaouona barabarani. Mkia unaingia ndani ya ukuta kushikana na mawe ya upande wa pili. Fundi asiyejua mkia anajenga kuta mbili nyembamba zilizogeuziana mgongo, katikati kifusi, na siku ardhi ikitikisika kila moja inaenda zake. Jiwe lenye matundu mengi ni jepesi lakini lina kiu. Usipolilowanisha litainyonyea simenti maji yake, na kiungo kitakuwa unga. Jiwe jeusi lililoshikamana ni zito, hilo linakwenda chini kwenye msingi na kwenye kona. Baba mdogo alikuwa na sheria moja tu: jiwe ukishaliinua, lisirudi chini. Litazame kwanza likiwa limelala, ujue linakwenda wapi, ndipo uiname. Anayeinua jiwe moja mara tatu, jioni mgongo wake unamdai.

Wasomaji walio mbali wajue pia kwamba Goma hatuna udongo wa tofali. Bukavu wanao, Butembo wanao, wanafyatua na kuchoma. Sisi chini ya miguu yetu ni lava ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ya zamani na ya juzi. Mtu ananunua parseli, yaani kiwanja, anaonyeshwa mgongo mweusi wa jiwe wenye mawimbi kama ziwa lililoganda, na anashukuru Mungu kwamba amepata. Mwenye uwezo anajenga kwa mawe au kwa bloku za mchanga mweusi. Wengine, na ndio wengi katika kartiye zetu, yaani mitaa, wanajenga kwa mbao, juu manjanja, yale mabati ya paa. Maji ya kuchanganyia simenti tunayaleta kwa bidoni, mara nyingi kutoka ziwani, yanapanda juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, au yananunuliwa kwa gari la tangi.

Sasa nije kwenye roboti zenyewe.

Mwanangu anasoma ujenzi, mwaka wa pili, na tangu makala ile kila jioni ananiletea nyingine. Alinionyesha Hadrian X, ya watu wa Perth huko Australia: lori lenye mkono mrefu sana unaotandika bloku kubwa moja baada ya nyingine, na kuzishikanisha kwa gundi badala ya simenti. Alinionyesha SAM, ya Marekani, inayopaka simenti kwenye tofali na kulipanga, huku fundi mtu akisimama kando yake kusafisha viungo na kumalizia kona. Niliangalia kwa makini, na moyo ukatulia. Mashine zote hizo zinataka tofali lililo ndugu pacha wa mwenzake. Zipe jiwe la Goma, nilisema, tuone.

Siku ya tatu akaja na nyingine. Safari hii alinyamaza kidogo kabla ya kufungua simu. “Papa,” akasema, “hii itakuuma.”

Ilikuwa ni kazi ya chuo kikuu cha ETH cha Zurich, Uswisi. Walichukua mashine ya kuchimbia ya tani 12 hivi, wakaipa jina HEAP, wakaitoa dereva. Inashika jiwe kubwa kwa makucha yake, jiwe la hovyo hovyo, halina pembe wala kipimo. Inaligeuza mbele ya macho yake, inalipima pande zote, inatunza picha yake. Halafu inahesabu ni jiwe gani kati ya yote yaliyolala pale litakalokaa vizuri juu ya yale yaliyokwisha pangwa, na likae vipi. Kisha inaliweka. Bila simenti. Mwaka 2023 walionyesha ukuta iliojenga namna hiyo, wa kuzuia ardhi isiporomoke: urefu mita 65, kwenda juu mita 6.

Niliitazama mara nne. Mashine ile inafanya alichonifundisha baba mdogo. Inatazama kwanza, inajua jiwe linakwenda wapi, ndipo inainama.

Sitaki kuwadanganya wasomaji wenu, Bwana Mhariri. Miaka karibu arobaini nimewaambia vijana wangu kwamba kazi ya jiwe haitapata mashine. Nimewaambia hivyo kwa nia njema, kuwapa moyo. Sitasema tena. Ni kweli ile inapanga mawe mazito mno, kwenye uwanja mpana, na ukuta wake hauna mlango wala dirisha. Wetu ni wa sentimita 40, unapita kati ya nyumba ya jirani na choo cha jirani mwingine, mahali ambapo hata chukudu inapita kwa kubembelezwa. Lakini hiyo ni tofauti ya leo. Mwanangu ana miaka 22. Yeye atazeeka katika ulimwengu mwingine.

Basi nimeacha kuuliza kama mashine itaweza. Ninauliza ianze wapi. Na hapo naomba nifungue daftari langu, kwa sababu naandika kila kitu, tabia niliyoipata kwa baba mdogo.

Nyumba niliyomaliza kiangazi kilichopita ilikuwa ya mita 7 kwa 6, saluni, yaani sebule, na vyumba viwili, kuta za mawe. Ukiacha bei ya parseli, mwenye nyumba alitumia dola 6,400. Humo mna simenti, manjanja, mbao za paa, milango, chuma cha madirisha, mchanga, maji, usafiri. Kuta zilituchukua siku 11, mafundi wawili na wasaidizi wanne. Fundi dola 10 kwa siku, msaidizi 5. Pigeni hesabu: dola 440. Katika kila dola 100 zilizotoka mfukoni mwa yule baba, sisi sita tuliosimamisha ukuta tulipata kama 7. Roboti ikituondoa sisi, hizo 7 ndizo atakazookoa.

Mahali pengine katika daftari hilo hilo nimeandika shimo la choo. Lile lilitaka siku 19.

Asiyeishi Goma hawezi kujua shimo la choo ni nini. Ni vijana wawili, nyundo ya kilo tano, patasi ndefu, na lava. Wanapiga tangu asubuhi, jua likipanda jiwe linawaka, wanapumzika, wanarudi. Siku nzuri wanashuka sentimita 20. Siku mbaya wanakuta tabaka lililoshikamana kama chuma, wanashuka urefu wa kidole. Wengine wanachoma matairi juu ya jiwe na kulimwagia maji ili lipasuke, na moshi huo unaingia katika vifua vyao na katika nyumba za jirani. Kati ya vijana waliopitia kwangu, mmoja leo hana nguvu ya mkono wa kulia kwa sababu ya patasi. Mwingine jiwe lilimrukia shingoni, akashonwa.

Na kabla ya shimo kuna kusawazisha parseli, kuvunja yale mawimbi ya lava mpaka upate mahali pa kulaza chumba. Nimeona familia, baba, mama na watoto, wakivunja parseli yao miezi minne, jumapili kwa jumapili, kabla ya kuweka ubao wa kwanza.

Sasa mniambie. Mashine zote hizo za ajabu, zenye macho na hesabu, kwa nini sifa yake iwe ukuta? Ukuta ndio sehemu ya nyumba inayotuuma kidogo na kutulisha zaidi. Ndipo kijana anapojifunza, ndipo jina la fundi linapotoka. Nendeni mkaulize mafundi wote wa Ndosho, Katoyi na Majengo, hakuna atakayelilia shimo la choo likichimbwa na roboti. Ile mashine ya Uswisi mwili wake ni wa kuchimbia. Kama inaweza kulisoma jiwe la tani moja na kuliweka mahali pake, basi inaweza kuja kwenye parseli ya mjane ikamsawazishia siku moja kazi ya miezi minne. Huko ndiko ninakotaka iletwe. Wahandisi wakisema haipiti kwenye vichochoro vyetu, watengeneze ndogo. Hiyo ndiyo iwe kazi ya akili zao.

Makala yenu ilisifu zaidi zile mashine za kuchapa nyumba. Nimezitazama pia. Zinatoa simenti laini kwa mdomo, tabaka juu ya tabaka, kama mfinyanzi anavyojenga chungu kwa kuzungusha nyoka wa udongo. Ni kazi nzuri kuitazama. Mwaka 2018 walionyesha nyumba ya namna hiyo mjini Austin, Marekani, ya mita za mraba 32 hivi. Na zimekwisha fika Afrika: Malawi, mwaka 2021, walichapa kuta za shule huko Salima kwa saa 18, na Kilifi, kwa ndugu zetu wa Kenya, ulipangwa mtaa mzima wa nyumba 52. Siwezi kuidharau shule. Mahali watoto wanaposomea chini ya mwembe, saa 18 ni jambo kubwa, na mimi ningekuwa mzazi wa kule ningepiga makofi.

Lakini wenzetu wanapoandika “nyumba kwa siku moja”, wamalizie sentensi. Ni kuta kwa siku moja. Paa linawekwa na watu. Milango, madirisha, umeme, choo, watu. Na kuta zenyewe ni simenti kuanzia chini mpaka juu, wakati ukuta wetu wa mawe unakula simenti kwenye viungo tu, mwili wake umetolewa na mlima bure. Simenti yetu nyingi inavuka mpaka kutoka Uganda na Rwanda. Barabara ikiharibika, bei inapanda kabla ya jua kuzama. Kumletea mtu wa Goma mashine inayokunywa simenti, kisha kumwambia nyumba itakuwa rahisi, ni kumpa ng'ombe bila majani.

Iko moja iliyonipendeza. Italia, karibu na mji wa Ravenna, mwaka 2021 walimaliza nyumba mbili za duara zilizoungana, wanaiita TECLA. Waliichapa kwa udongo uliochimbwa pale pale. Nilimwambia mwanangu, hawa wameuliza ardhi yao kwanza. Sisi hatuna udongo huo, ila tuna mchanga wa volkano, tuna kokoto nyekundu nyepesi, tuna jiwe lisilokwisha. Warumi wa zamani walijenga kwa majivu ya volkano na chokaa, na kuta zao zimesimama miaka elfu mbili. Mhandisi atakayekaa Goma mwaka mzima akiifundisha mashine yake kula vitu vyetu, huyo mimi nitambebea maji.

Kuna jambo jingine, na hili mtu wa mbali hawezi kulifikiria peke yake.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi Nyiragongo ilipofunguka, nilikuwa na nyumba yangu ya kwanza ya mawe, niliyoijenga kwa mikono yangu miaka minne, kila nikipata mfuko wa simenti naongeza mstari. Haikuwa mbali na kathedrale ya Mtakatifu Yosefu, ambayo nayo iliteketea siku ile. Jirani yangu alikuwa na nyumba ya mbao. Asubuhi tuliposikia kwamba moto umetoka Kibati unashuka, yeye na wanawe walipanda juu, wakang'oa manjanja, wakang'oa mbao, misumari wakaitia kwenye kopo, wakapakia chukudu mbili na kuondoka. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya ukuta wangu. Ningeng'oa nini? Nilichukua watoto, godoro na sanduku la vyombo vya kazi. Tuliporudi, lava ilikuwa imepoa kwenye usawa wa madirisha. Jirani alisimamisha nyumba yake katika wiki mbili, juu ya lava mpya. Mimi ilinichukua miaka sita.

Tangu hapo nyumba ya mbao naiheshimu. Wageni wanaiona kuwa ni umaskini tu. Katika mji huu watu wamehama kwa moto na wamehama kwa vita, na nyumba inayofunguliwa na kubebwa ni akili ya watu walioteseka. Kama kuna roboti ya kupasua mbao kwa kipimo kilicho sawa sawa, kutoboa matundu, kutia namba kwenye kila ubao ili nyumba ifunguliwe Mugunga na kufungwa Sake bila kupoteza hata kipande, hiyo naitaka kuliko ya kuchapa simenti. Huko Ulaya na Japani wana viwanda vinavyokata mbao za nyumba nzima kwa mashine, kila kipande kinatoka kikijua mahali pake. Mbona hiyo hakuna anayetuandikia?

Halafu 2021. Tarehe 22 Mei, Jumamosi jioni, mlima ulifunguka tena, na lava ikaja kusimama Buhene, ukingoni mwa mji. Lakini kilichotuvunja sisi mafundi ni siku zilizofuata, ardhi ilipotikisika usiku na mchana. Barabara zilipasuka. Nyumba zilipasuka. Ukuta mmoja nilioujenga mimi mwenyewe ulifunguka kutoka kona ya dirisha mpaka juu, mkono unaingia. Mwenye nyumba alikuwa amesema tuache mkanda wa zege na chuma ule unaozunguka juu ya kuta, pesa zimeisha, na mimi nilikubali. Hakuna aliyekufa humo, ila kila nikipita pale natazama chini. Sijakubali tena tangu siku hiyo. Mteja akikataa mkanda, sianzi.

Ndiyo sababu mtu akiniletea ukuta uliochapwa, neno langu la kwanza litakuwa: chuma kiko wapi? Tabaka hizi zimeshikana kwa nini, ardhi ikienda kushoto na kurudi kulia mara hamsini kwa usiku mmoja? Mashine ikiharibika, nani wa hapa Goma ataifungua, na kipande chake kinapitia mpaka gani? Haya si maneno ya kupinga. Mimi mwenyewe mteja ana haki ya kuniuliza hivyo hivyo.

Sasa niwaambie kuhusu mama yangu, kwa sababu yeye alikutana na mashine kabla yangu.

Baada ya moto wa 2002 mama aliponda kokoto. Goma wanawake wengi wanaifanya kazi hiyo: wanakaa chini juani, jiwe moja kubwa kama meza, nyundo ndogo, kipande cha mpira wa ndani ya tairi kimezungushiwa jiwe lisiruke, na wanaponda ndoo kwa ndoo. Aliponda miaka minane. Alinisaidia kusomesha wadogo zangu wawili kwa ndoo hizo. Mwaka wa tano kipande kiliruka kikaingia jicho la kushoto, likafa.

Mwaka wa nane mfanyabiashara mmoja alileta mashine ya kuponda mawe upande wa barabara ya Sake. Haikuwa roboti, ilikuwa injini ya mazuti, yaani dizeli, na taya mbili za chuma. Kwa siku moja ilitoa kokoto ambazo mama na wenzake wote wa pale wangezitoa kwa mwezi. Bei ya ndoo ilianguka nusu. Wanawake walikuwa zaidi ya ishirini. Wengine waliendelea, wakiponda mara mbili zaidi kwa pesa ile ile. Mama aliacha. Mimi fundi, mwanawe, nilikuwa nanunua kokoto za mashine, kwa sababu mteja wangu alitaka za bei ndogo. Naliandika hili likiwa bado linaniuma.

Kabla hajafa, mwaka 2014, nilimuuliza kama anaichukia ile mashine. Alinishangaa. Alisema, “Mwanangu, ile mashine ilikuja imechelewa jicho moja.” Kisha akasema kwamba wao walikuwa na likelemba yao, kila wiki kila mwanamke anatoa kidogo, na kwamba kama mtu angewaambia mapema, miaka mitatu minne ya likelemba ile ingetosha kuweka mkono wao katika mashine ya namna hiyo. Wangekaa wawili wawili kuilisha mawe, wengine wangeuza. Hakuna aliyewaambia. Waliisikia siku ilipowashwa.

Ndilo jambo ninalowaomba, ninyi wa gazeti. Tuambieni mapema, na mkituambia mtuambie pamoja na bei, na nani anauza, na mtu anajifunza wapi kuiendesha. Mmeandika kwamba roboti zitapunguza gharama. Andikeni pia zilizaliwa wapi na kwa nini. Wajapani, makampuni kama Shimizu na Obayashi, walianza kuzitengeneza tangu miaka ya 1980, kwa sababu vijana wao walikuwa hawataki tena kazi ya ujenzi na wazee walikuwa wanaisha. Walikosa mikono. Goma asubuhi saa kumi na mbili, pita pale watu wanaposubiri kazi, uone mikono ilivyo. Vijana watatu kati ya wanne nilio nao walitoka kwenye kambi za waliokimbia vita. Mmoja alikuja hajui hata kushika timazi, leo kona ananifungia mwenyewe, na yeye ndiye anayelisha mama yake na wadogo zake watano. Mtu akinijia na mashine ya ukuta kwanza, nitamwonyesha kijana huyo nimuulize anampangia nini.

Mwanangu hakubaliani nami kwa yote, na ni haki yake niliseme hapa. Anasema mashine hazichagui pa kuanzia kwa kutuonea huruma, zinaanzia pale penye pesa, na kwamba fundi atakayejua kuiamuru mashine ndiye atakayebaki. Anataka kwenda kusomea hiyo. Nimekubali, na nimeanza kuweka pembeni dola mbili kwa kila siku ya kazi kwa ajili ya kompyuta yake. Lakini nimempa sharti moja: kabla ya kwenda, apange nami kuta za nyumba mbili nzima, kuanzia msingi mpaka mkanda. Siku atakapoiambia mashine jiwe ni nini, awe analijua yeye kwanza.

Nyumba ya kwanza tumeianza, ndiyo hii ya Lac Vert. Namwomba mwandishi wa makala ile aje, na yule mhandisi aliyezungumza naye aje pia kama bado yuko mjini. Waje saa kumi na mbili asubuhi, kabla jiwe halijapata joto. Shimo la choo tumefika mita moja na nusu. Bado moja na nusu.

Wenu,
Fundi wa mawe, baba wa watoto sita,
Kartiye Ndosho, Goma